Mambo Matatu Tuliyoyaandika Kabla ya Kupanda Chombo



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama wenzetu, jamaa zetu wa Mombasa hutucheka kila tunapojiita watu wa pwani. Nasi hatuwalaumu. Sisi tu watu wa Taveta. Kaskazini yetu liko Ziwa Chala, kusini Ziwa Jipe, magharibi mpaka wa Holili na mlima Kilimanjaro, na baina yetu na maji ya chumvi zimelala nyika za Tsavo na ndovu wake. Lakini tulihesabiwa katika Mkoa wa Pwani tangu zamani, na misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikipumzika hapa kwetu kabla ya kuendelea bara. Wengi wetu tuna bibi au babu aliyekuja na safari hizo, au aliyezifuata baadaye kwa biashara. Bahari tunayo katika nasaba, ila hatuna katika mazoea. Katika wanawake kumi na mmoja wa chama chetu, watatu tu ndio waliokuwa wamewahi kupanda chombo cha tanga.

Tunaandika haya kwa sababu tangu turudi tumeulizwa mara nyingi: mlipangaje safari ya visiwani, kundi zima, pamoja na watoto? Tutaeleza tulivyopanga. Tutaeleza pia mahali tulipokosea, maana mwenye kuhadithia mazuri peke yake huwapoteza wanaomfuata.

Jambo lilianza kwa bi mkubwa wetu, mama ambaye sote humwamkia kwa kumbusu mkono. Mama yake alizaliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, akaolewa Mombasa, kisha akamfuata mumewe Taveta akafia hapa. Jioni moja baada ya darsa bi mkubwa alisema, kama mtu anayejisemesha mwenyewe, "Nimezeeka kwenye migomba, wanangu, na mji wa mama yangu sijauona." Hakuna aliyemjibu. Jumamosi iliyofuata, soko lilipotawanyika, mmoja wetu anayeuza ndizi alifungua fundo la leso yake, akatoa Sh 250 na kuziweka juu ya mkeka. "Hizi ni za Siyu," akasema.

Ndivyo tulivyoanza kuchanga. Kila mmoja Sh 250, kila Jumamosi, kwa wiki 60. Kumi na mmoja kwa 250 ni Sh 2,750 kwa wiki, na mwisho wa hesabu tulikuwa na Sh 165,000. Haikuwa fedha ya matajiri. Mwenzetu huyo wa ndizi ni mjane, na ziko Jumamosi alizotoa mchango wake kwanza ndipo akanunua mafuta ya taa.

Jambo la pili lilikuwa ruhusa na sindikizo. Tulimwendea imamu wetu, naye hakutuzuia, bali alitutaka kila mwanamke aeleze anasafiri na nani. Tukakaa na daftari. Mwanamume mmoja alikuwa mume wa huyu, kaka wa yule na mjomba wa wawili wengine. Kwa hesabu hiyo wanaume watano walitutosha sote. Wao walijilipia nauli zao na za watoto wanne. Jumla tukawa watu 20. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba watu wakisafiri, hata wakiwa watatu, wamteue mmoja kuwa amiri wao. Tulimchagua ami yetu mmoja, aliyeendesha lori baina ya Taveta na Mombasa kwa miaka mingi, mtu mpole asiyepaza sauti.

Kisha tukajifunza bahari, na hapo tuligundua kwamba tulikuwa na elimu tusiyoijua kuwa ni elimu. Tulijua kwamba kusi huanza kuvuma kuanzia Aprili, na kwamba Juni na Julai bahari ya nje huchafuka, vyombo vidogo vikajificha. Kaskazi huingia mwisho wa mwaka, joto likazidi na bahari ikatulia kuliko wakati wa kusi. Disemba watoto wako likizoni. Kutoka Lamu kwenda Pate kaskazi hukupiga usoni, kwa hiyo chombo kiwe na mashine pamoja na tanga. Wakati wa kurudi upepo ule ule hukusukuma mgongoni.

Maji nayo yanafuata mwezi, na mwezi tunao kila siku katika kalenda yetu ya Kiislamu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo, kama tarehe 7 na tarehe 22, huwa maji mafu. Njia ya kuingia Siyu ni mkondo mwembamba ndani ya mikoko, na chombo hupita maji yakijaa tu. Yakipwa, mtu hukaa juu ya tope akingoja. Hali ni hiyo hiyo katika mkono wa bahari uendao kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Bi mkubwa, ambaye hajui kusoma ramani, ndiye aliyetuambia, "Tafuteni mwezi 14, mambo mengine mtayakuta huko huko." Nahodha tuliyempata baadaye alitupa jibu hilo hilo.

Njia tuliyoipanga ilikuwa ya siku tatu: kutoka Lamu kupitia Mlango wa Mkanda hadi Mtangawanda na mji wa Pate; siku ya pili Siyu; siku ya tatu kurudi kwa kupitia Takwa. Pate tulipataka kwa sababu ndiko alikozaliwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858. Siyu tulipataka kwa ajili ya bi mkubwa, na kwa sababu mji ule ulisifika kwa wanavyuoni na kwa mafundi walionakili misahafu kwa mkono. Usiku tungelala nchi kavu, kwa wenyeji, si chomboni. Kukodi jahazi pamoja na nahodha na mabaharia kulikuwa Sh 25,000 kwa siku, yaani Sh 75,000 kwa siku tatu.

Yako pia mambo ambayo wanaume huyasahau na wanawake huyaulizana kwa kunong'ona. Choo kiko wapi, na kina pazia? Turubai la kivuli litawatosha wote, au wazee tu? Buibui likilowa huwa zito kama gunia la mchanga. Kwa hiyo jaketi la kuokolea maisha huvaliwa juu yake na kufungwa sawasawa, si kushikwa mkononi wala kuwekwa chini ya kiti. Kibla kwa watu wa Lamu ki karibu kaskazini halisi. Anayeweza kusimama husali kwa kusimama, na anayechelea kuanguka huketi. Tuliyaandika yote.

Katika kikao cha mwisho ndipo mwenzetu mmoja, ambaye kwa desturi husikiliza tu, aliomba neno. Yeye alifiwa na mama yake mdogo tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipopinduka karibu na ufuo, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 270 wakafa. Hakusimulia habari hiyo, sote tunaijua. Alisema tu, "Naomba tuandike leo mambo tutakayoyakataa. Kule gatini hatutaweza kuyafikiri."

Wapo walioona kwamba anatafuta mkosi. Alijibiwa na amiri wetu, aliyekumbusha hadithi ya yule bedui na ngamia wake, aliyeamrishwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Tukaandika mambo matatu. La kwanza, hatupandi chombo ikiwa kila mtu hana jaketi linalomfaa kimo chake, watoto wakiwa mbele. La pili, hatupandi ikiwa wamezidi watu tuliokubaliana. La tatu, nahodha akisema bahari haifai, hatumshawishi. Chini yake tukaongeza: mmoja wetu yeyote, hata aliye mdogo, akilitaja jambo mojawapo kati ya haya, wote tutasimama bila kumuuliza kwa nini. Katibu wetu, mke mchanga wa miaka 22 ambaye hata salamu huitoa akiangalia chini, ndiye aliyekabidhiwa daftari.

Tulisafiri mchana kwa mchana. Taveta hadi Mombasa, tukalala kwa jamaa. Kesho yake Garsen, Witu na Mokowe, kisha mashua ya kuvuka hadi Lamu. Chombo tulikuwa tumekipata kwa wakala mmoja tuliyeelekezwa na jamaa wa jamaa. Tulizungumza naye kwa simu mara nne. Alituahidi jahazi kubwa, majaketi 20, manne kati yake ya watoto, na akatutaka tumtumie arubuni ya Sh 20,000. Tulimtumia.

Asubuhi ya safari tulifika gatini na mizigo yetu, masufuria, mikeka na watoto waliojaa furaha. Chombo kilichokuwa kikitungoja hakikuwa kile tulichoelezwa. Kilikuwa kidogo zaidi. Kile kikubwa, tuliambiwa, kilipata wageni wengine. Ndani yake walikuwamo tayari watu sita waliokuwa wakienda Faza, pamoja na magunia yao. Majaketi yalikuwa kumi na moja, yote ya watu wazima, na mawili yalikuwa yamekatika mikanda.

Tunataka wasomaji wetu waelewe jinsi ilivyokuwa, kwa maana kuhukumu ukiwa nyumbani ni rahisi. Wakala hakuwa mkali. Alikuwa mkarimu, akitabasamu, akiwabeba watoto kuwapitisha ngazi. Alituita dada zake. Alisema bahari ni shwari kama maziwa ndani ya kikombe, na ni kweli, ilikuwa shwari. Alisema njia yote ya Mkanda imezungukwa na mikoko, na hilo pia ni kweli. Maji yalikuwa yamejaa na hayangetungoja. Abiria wale sita walitutazama kwa subira. Bi mkubwa alikuwa amekwisha ketishwa juu ya mto wake karibu na tezi, akiutazama upande wa kaskazini. Na amiri wetu, yule mtu mwema, alinong'ona, "Jamani, tusimvunjie mwenyeji heshima. Tutakwenda polepole."

Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo ndilo sababu ya makala hii. Haikuwa bahari iliyotaka kututia hatarini, wala hakuwa wakala peke yake. Ilikuwa haya yetu. Tumelelewa kustahi: kutomkatalia mkarimu mbele za watu, kutoonekana wagumu, kutomharibia mzee furaha yake. Hizo ni sifa njema na hatuziachi. Lakini pale gatini kila mmoja wetu alikuwa ameyaona majaketi, ameyahesabu, na akanyamaza akimngoja mwenzake aseme. Yule wa Mtongwe mwenyewe alinyamaza. Alituambia baadaye kwamba ulimi ulikuwa mzito, kwamba aliona wataudhika wote kwa ajili ya huzuni yake.

Aliyesema ni katibu. Hakusema neno lake mwenyewe. Angekufa kwa aibu. Alifungua daftari na kusoma, kwa sauti ndogo inayotetemeka: "La kwanza, hatupandi chombo ikiwa kila mtu hana jaketi linalomfaa kimo chake, watoto wakiwa mbele." Akafunga daftari.

Pakawa kimya. Amiri wetu alimtazama, kisha akatutazama sisi, na tuliona uso wake ukifunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Imeandikwa," akamwambia wakala. "Tusamehe, ndugu yangu. Tulikwisha kuahidiana." Akaingia chomboni mwenyewe, akamshika bi mkubwa mkono na kumshusha.

Arubuni yetu haikurudi. Wakala alisema chombo kipo na sisi ndio tuliokataa kupanda. Tungeweza kumjibu kwamba wanavyuoni wengi hawaoni uhalali wa muuzaji kubaki na arubuni bure, na kwamba ni madhehebu ya Imam Ahmad yanayoiruhusu. Lakini hata hoja hiyo isingetufaa, kwa sababu hatukuwa na hata mstari mmoja wa maandishi baina yetu naye. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inatuamrisha tuandike madeni na mapatano yetu, na sisi tulikuwa tumeandikiana wenyewe kwa wenyewe, tukasahau kuandikiana na aliyeshika fedha zetu. Kosa hilo ni letu. Sh 20,000 kwa wanawake kumi na mmoja ni zaidi ya Sh 1,800 kwa kila mmoja, yaani Jumamosi saba na ushei. Mwenzetu wa ndizi alikaa juu ya furushi lake akihesabu kwa vidole. Hakulalamika. Lakini tulijua anazihesabu Jumamosi zipi.

Siku ile ikapotea. Jioni, kwa msaada wa mama aliyetukaribisha kulala, tulipelekewa nahodha mwingine, mtu wa makamo. Hakuanza na bei. Aliuliza, "Watoto ni wangapi, na mdogo ana miaka mingapi?" Alitupeleka tukaone jahazi lake, akatuonyesha cheti cha ukaguzi cha KMA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyombo vya majini, na kutuambia idadi ya watu aliyoruhusiwa kuwachukua. Majaketi aliyatandika sakafuni tukayahesabu. Safari hii mapatano yaliandikwa nakala mbili: chombo kipi, watu wangapi, siku ngapi, na fedha zitakuwaje upande mmoja ukivunja ahadi. Alitia saini akicheka, akasema angependa wateja wote wamsumbue hivyo.

Bei yake ilikuwa ile ile, Sh 25,000 kwa siku. Katika Sh 75,000 zetu zilikuwa zimebaki Sh 55,000. Siku tatu zikawa mbili, na Sh 5,000 za ziada zikaenda kwenye chakula cha siku iliyopotea. Mji wa Pate tukauacha, Takwa tukaiacha. Hakuna aliyebishana kuhusu kipi kibaki.

Tuliingia Siyu maji yakiwa yamejaa, mikoko ikigusa ubavu wa chombo huku na huku, baharia mmoja amesimama omo na upondo mkononi akipima kina. Kwanza ilitokea ngome, ile ya karne ya 19, imesimama ukingoni mwa maji, mji ukafuata. Bi mkubwa alisema, "Mama alisema ngome huonekana mbele." Ni hayo tu aliyoyasema mpaka tulipotua. Nyumbani kwa wenyeji wetu aliomba maji ya kunywa, akaonja, akatulia, kisha akatabasamu peke yake. Hatukumuuliza. Usiku alikaa barazani na bibi mmoja wa rika lake, na katika kutajiana majina ya wazee walifika mahali wakashikana mikono. Ikiwa ni udugu wa damu au wa mtaa, hatujui mpaka leo. Asubuhi waliagana kama ndugu.

Ni wajibu wetu kusema jambo moja zaidi, ijapokuwa halipambi hadithi yetu. Chombo kile tulichokikataa kilifika Faza salama, kikarudi salama. Tulikiona jioni kimefunga gatini. Mwenzetu mmoja alisema, "Basi tulitupa fedha zetu bure," na mpaka sasa ndiyo rai yake, nasi tunaiheshimu, kwa maana fedha zilikuwa zake pia. Sisi wengine tunaona vingine. Hata feri ya Mtongwe ilivuka salama siku nyingi kabla ya ile moja. Kufika salama kwa chombo kisichofaa si ushahidi kwamba kilifaa.

Basi akina mama mnaopanga safari, iwe ya visiwani, iwe ya ziarani, iwe hata ya basi la kwenda arusini, chukueni haya machache kutoka kwetu. Fuateni majira na mwezi. Chagueni amiri. Fedha yoyote itakayotoka mikononi mwenu iambatane na maandishi, hata kama mpokeaji ni ndugu wa ndugu. Na mkiwa bado nyumbani, mmeketi juu ya mkeka, hakuna anayewatazama na hakuna maji yanayowakimbia, andikeni yale mtakayoyakataa, kisha daftari mpeni aliye mwenye haya kuliko wote. Aliye hodari wa kusema atasema bila daftari. Mwenye haya anahitaji kitu cha kushika.

Bi mkubwa sasa ameanza kuweka Sh 250 kila Jumamosi. Anasema bado hatujaiona Pate. Daftari liko kwa katibu, na ukurasa ule wenye mambo matatu hatujauchana.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia majini na nchi kavu, awalinde wasafiri wetu, na atujaalie haya isiyotunyamazisha pale ambapo amana inatutaka tuseme. Amin.

Wabillahi tawfiq.